Fleroviamu (elementi 114): metali au gesi? Uzi wa hesabu, vifaa na mitego yake

#1 Kiini_Kizito

Wakuu, fungueni majedwali matatu ya elementi mtandaoni mtazame kisanduku namba 114. La kwanza limekipaka rangi ya metali, la pili limekisogeza upande wa gesi adimu, la tatu limekiacha cha kijivu. Nafungua uzi huu tujadili rangi hizo zinatoka wapi.

Ya msingi kwanza. Fleroviamu (alama Fl) ilitengenezwa Dubna, Urusi, mwishoni mwa 1998, kwa kurusha viini vya kalsiamu-48 kwenye plutoniamu-244. Berkeley (Marekani) walithibitisha kwa vifaa vyao 2009, Darmstadt (Ujerumani) wakafuata, ugunduzi ukakubaliwa rasmi 2011 na jina likapitishwa Mei 2012. Jina ni la maabara ya Flerov ya hukohuko Dubna, iliyoitwa kwa heshima ya Georgy Flerov. Huyu ndiye aliyegundua pamoja na Petrzhak, mwaka 1940, kwamba urani hujipasua yenyewe bila kupigwa na kitu.

Isotopu zinazojulikana vizuri ni 284 hadi 289. Nusu-maisha (muda wa nusu ya atomi kuvunjika) inapanda kadiri nyutroni zinavyoongezeka: Fl-284 milisekunde chache, Fl-286 karibu sekunde 0.1, Fl-287 chini kidogo ya nusu sekunde, Fl-288 karibu sekunde 0.7, Fl-289 karibu sekunde 2. Kwa kemia ni hizo mbili za mwisho tu zenye faida, na hata hizo unakimbizana nazo.

Hakuna aliyewahi kuishika wala kuiona kwa darubini. Ukiacha sifa za kiini chenyewe, kila sifa unayoisoma ina chanzo kimoja kati ya viwili: hesabu ya kompyuta, au mahali ambapo atomi moja ilinata kabla ya kuvunjika. Densiti, kiwango cha kuyeyuka, kiwango cha kuchemka, zote ni hesabu. Tovuti ikiziandika bila neno "makadirio", msiitumie.

#2 Ganda_la_Saba

Mkuu, umeruka sababu ya ugomvi wenyewe. Niongezee.

Fl iko chini ya risasi (Pb), kundi la 14. Kwa mazoea ya shule ungeitegemea iwe risasi nzito zaidi: laini, inayeyuka kwenye nyuzi mia tatu na kitu. Tatizo ni chaji ya kiini. Protoni 114 zinamvuta elektroni wa ndani kabisa hadi anakwenda kwa takribani asilimia 83 ya kasi ya mwanga (gawanya 114 kwa 137). Kwa kasi hiyo uzani wake, kwa mujibu wa Einstein, ni karibu mara 1.8 ya ule wa elektroni aliyetulia, na obiti yake inajikunja kuelekea kiini. Obiti zote za aina ya s zinavutwa ndani, na pamoja nazo sehemu moja ya zile za p.

Obiti za 7p (za ganda la saba, aina ya p) zinagawanyika makundi mawili, 7p½ na 7p³⁄₂. Kundi la 7p½ linachukua elektroni wawili tu, na linashuka chini sana kinishati. Fl ina elektroni wawili hasa wa 7p, nao wanalijaza kundi hilo likafungwa kabisa. Elementi ya kundi la 14 inajikuta na ganda la nje linalofanana na lililofungwa, kama gesi adimu. Ndiyo maana mkemia Pitzer aliuliza tangu 1975 kama elementi 112, 114 na 118 hazitakuwa gesi au vimiminika vinavyovukiza kirahisi.

Namba moja ya kushika: nishati ya kung'oa elektroni wa kwanza ni eV (kipimo cha nishati ya chembe) 7.4 kwa risasi, na kwa Fl hesabu zinatoa kama eV 8.5. Elektroni wake wa nje hawatoki kirahisi.

#3 Zebaki80

Sawa, lakini "ganda linalofanana na lililofungwa" si ganda lililofungwa. Pengo la kwenda 7p³⁄₂ lipo na linaweza kurukwa mbele ya mshirika mzuri. Swali la kimaabara linakuja hivi: ukiiweka atomi ya Fl juu ya dhahabu, je, inanata kwa nguvu ya kimetali au inateleza kama radoni, ambayo ni gesi adimu?

Vigezo vya kulinganisha, nishati ya kunata juu ya dhahabu kwa kilojuli kwa moli:

risasi: karibu 234
zebaki: karibu 98
kopernisiamu (Cn, elementi 112): karibu 52
radoni: chini ya 30

Jaribio zima la kemia ya Fl ni kuipatia nafasi kwenye orodha hii.

#4 Pikobani

Kabla hamjafika kwenye dhahabu, atomi mnaitoa wapi? Nipeni namba, maana watu wanadhani unabonyeza kitufe inatoka gramu.

#5 Kiini_Kizito

Haya, tukokotoe.

Shabaha: plutoniamu-244, miligramu 0.5 kwa kila sentimita mraba, ikiwa oksaidi iliyopakwa kwa umeme juu ya karatasi ya titaniamu ya maikromita 2 hivi. Hiyo ni takribani atomi 1.2 × 10¹⁸ kwa sm².

Mwale: kalsiamu-48 kwenye takribani MeV 240 (MeV ni eV milioni moja), chembe 6.2 × 10¹² kwa sekunde (maikroampia 1 ya chembe).

Uwezekano wa kuungana na kubaki salama: pikobani 10, yaani 10⁻³⁵ sm². Hiki ni karibu kilele cha Fl-288.

Zidisha zote tatu: 7.7 × 10⁻⁵ kwa sekunde, yaani atomi 6 au 7 kwa siku zinazozaliwa kwenye shabaha. Kwa elementi hizi huo ni utajiri.

Sasa makato. Kitenganishi hakipitishi zote. Ukikitaka kizielekeze kwenye tundu dogo la kifaa cha kemia, chukua theluthi. Kisha safari ya gesi, tuseme sekunde 0.8: kwa nusu-maisha ya sekunde 0.66 zinabaki asilimia 43 za Fl-288. Umebaki na atomi moja kwa siku, kwa hesabu ya karatasi. Mwale halisi hautulii kwenye kiwango hicho saa 24, na kila kukatika kunakula siku yako. Baada ya wiki kadhaa unaondoka na atomi chache za kuhesabu kwa vidole.

#6 MamaMaabara

Naomba nisisitize nishati, maana hapo ndipo wengi hawaelewi kwa nini isiongezwe tu. Kalsiamu ya MeV 240 inakwenda kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga. Ikipungua sana, viini viwili vyenye chaji chanya vinasukumana na kuachana. Ikizidi, kiini kipya kinazaliwa na joto kubwa na kinajipasua papo hapo. Mahali pazuri ni pale kinapobaki na joto la kama MeV 40, kikapoa kwa kutema nyutroni 3 au 4. Kikitema 3 unapata Fl-289, kikitema 4 unapata Fl-288.

Na kwa nini kalsiamu-48? Ina protoni 20 na nyutroni 28, namba zote mbili ni za kimajiki (idadi zinazofanya kiini kiwe imara zaidi), kwa hiyo muungano unaanza ukiwa na joto dogo. Pia ina nyutroni nyingi kwa uzani wake. Bei yake ni mtihani, kwa sababu kwenye kalsiamu ya kawaida isotopu hiyo ni asilimia 0.187 tu na lazima itengwe. Plutoniamu-244 nayo (nusu-maisha miaka milioni 80 hivi) hupatikana kwa kuangazia mata ndani ya vinu vya nyuklia vyenye nyutroni nyingi. Haiuzwi dukani, na ikiharibika shabaha moja ratiba yote inasimama.

#7 Fundi_Ombwe

Shabaha zinaharibika vipi ndilo swali la maana. Maikroampia 1 ya chembe zenye MeV 240 ni wati 240 kamili, zinapita kwenye doa dogo. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapita moja kwa moja na kuishia kwenye kizuizi, ila kinachobaki kwenye karatasi nyembamba kinatosha kuitoboa. Dawa ni gurudumu: shabaha zinapangwa kama vipande vya duara, linazungushwa kama mara 2,000 kwa dakika, na mipigo ya mwale inapangwa isiangukie mbavu za fremu. Gurudumu likikwama, mfumo wa kukata mwale lazima uwe na kasi kuliko joto. Oksaidi iliyopakwa vibaya nayo hubanduka vipande vipande, na hapo unakuwa na plutoniamu mahali ambapo hutaki kabisa iwepo.

Baada ya shabaha kuna kitenganishi chenye sumaku, kimejazwa gesi ya shinikizo la chini, karibu milibari 1. Dubna wanatumia hidrojeni, Berkeley na Darmstadt heliamu. Fl inatoka kwenye shabaha na MeV 39 hivi (240 × 48 ÷ 292) kwa asilimia 1.7 ya kasi ya mwanga. Ndani ya gesi inabadilishana elektroni mpaka inakuwa na chaji ya wastani, na sumaku zinaipinda kwa njia tofauti na ile ya kalsiamu. Mwale mkuu unatupwa pembeni, Fl inaendelea mbele.

Mwisho wa kitenganishi kuna dirisha la plastiki la maikromita chache, limeegemea kimia cha chuma. Upande mmoja ni milibari 1, upande wa pili ni chumba cha gesi chenye shinikizo karibu na la hewa. Dirisha likiwa nene, Fl inaishia ndani yake. Likiwa jembamba linapasuka, na gesi yote ya kemia inakimbilia kwenye kitenganishi. Hapa hakuna ujanja zaidi ya kupima unene kwanza na kupandisha shinikizo polepole.

#8 Zebaki80

Asante fundi. Tuingie kwenye kemia.

Ndani ya chumba hicho atomi inasimamishwa na gesi (heliamu iliyochanganywa na agoni) na kusukumwa kwenye mfereji mwembamba ambao sakafu na dari yake ni vitambuzi vya silikoni vilivyopakwa dhahabu. Mwanzo wa mfereji uko kwenye joto la chumba. Kuanzia hapo baridi inaongezeka, na mwisho umepozwa kwa nitrojeni ya maji hadi nyuzi −160 hivi. Atomi inagonga dhahabu, inakaa kidogo, inaondoka, inagonga tena. Inayonata kwa nguvu inaishia mwanzoni, na ile inayonata kidogo inafika kwenye baridi kabla ya kutulia. Ikivunjika, kitambuzi kinakuambia iko wapi na saa ngapi.

Kadirieni muda wa kukaa kwa kila mgongano: sekunde 10⁻¹³ mara e kwa kipeo cha E/RT (E ni nishati ya kunata, R ni kigezo cha gesi, T ni joto kwa kelvini). Kwenye nyuzi 21:

zebaki (98): saa 7 hivi, yaani haiondoki
kopernisiamu (52): milisekunde 0.17
kitu chenye 34: sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde

Zidisheni kwa maelfu ya migongano inayotokea njiani ndipo mlinganishe na nusu-maisha. Kitu chenye 34 hakiwezi kutulia kwenye joto la chumba. Kinahitaji kama nyuzi −90.

#9 Pikobani

Na hiyo 34 si umeichagua kwa bahati.

#10 Zebaki80

Hapana. Ndiyo namba ya kundi la watafiti wa Uswisi waliofanya kazi Dubna, waliyoichapisha 2010. Walipata atomi tatu za Fl, mbili kati yake zikiwa zimetulia kwenye baridi, karibu na nyuzi −90. Wakatoa kilojuli 34 na kusema inanata kidhaifu, tabia ya gesi adimu. Ndipo majedwali mengine yalipobadili rangi.

Mwaka 2014 Darmstadt wakachapisha yao: atomi mbili, zote kwenye joto la chumba, mwanzoni mwa mfereji. Wakasema nishati ni zaidi ya kilojuli 48, na kwamba Fl ni metali inayovukiza kirahisi. Majedwali yakabadilika tena.

Atomi tatu dhidi ya mbili, wakuu. Na jambo linalosahaulika: ile 34 ilikuwa na kosa la −11 kwenda chini na +54 kwenda juu, yaani upande wa juu ulifika 88. Mipaka hiyo na ile ya Darmstadt inaingiliana. Walioandika kwamba maabara moja imeiumbua nyingine hawakusoma mstari wa makosa.

#11 Ganda_la_Saba

Bado lazima tueleze kwa nini atomi zilitua mahali tofauti kiasi hicho. Kuna tofauti mbili za vifaa.

Kwanza, jaribio la Uswisi na Dubna lilinasa mazao ya mgongano moja kwa moja nyuma ya shabaha, bila kitenganishi. Unapata atomi nyingi zaidi kwa sababu hakuna makato ya theluthi, ila unaruhusu takataka zote: poloniamu, radoni na wenzao. Darmstadt walipitisha kwenye kitenganishi kwanza.

Pili ni muda wa safari. Mfumo usio na kitenganishi ulichukua sekunde kadhaa, na hapo Fl-287 nyingi inakuwa imeshavunjika kabla ya kufika. Kwa kweli hivyo ndivyo walivyofanya kemia ya kopernisiamu: tengeneza Fl-287 kutoka plutoniamu-242, iache ivunjike njiani, Cn-283 (nusu-maisha sekunde 4 hivi) ndiyo ifike kwenye dhahabu. Hila nzuri sana kwa 112. Kwa 114 muda huohuo unakugeukia.

#12 Fundi_Ombwe

Msisahau maji. Dhahabu ya nyuzi −100 ni mtego wa barafu. Shinikizo la mvuke wa barafu kwenye joto hilo ni kama paskali 0.0014. Kwenye gesi ya shinikizo la hewa hiyo ni sehemu 14 kwa bilioni. Gesi yako ikiwa na maji zaidi ya hapo, ncha ya mfereji inapakwa barafu na atomi haigusi dhahabu tena. Unasema "Fl juu ya dhahabu" kumbe unapima Fl juu ya barafu.

Kinga: mirija ya chuma iliyochomwa na kuvutwa ombwe siku kadhaa, gesi ipite kwenye vichujio vya kunasa maji na oksijeni, mzunguko uwe wa kufungwa, na kipima umande kiwekwe baada ya mfereji pamoja na kabla yake. Plastiki ya dirisha yenyewe inatoa maji, na hilo watu hulisahau.

#13 MamaMaabara

Nami niseme jinsi unavyojua kwamba ile ni Fl kweli.

Fl-288 inatoa alfa (chembe ya protoni mbili na nyutroni mbili) ya MeV 9.9 na kuwa Cn-284, ambayo hujipasua baada ya kama sekunde 0.1. Fl-289 inatoa alfa ya MeV 9.8, inakuwa Cn-285 (karibu nusu dakika), kisha alfa nyingine, kisha Ds-281 (darmstadtiamu, elementi 110) inayojipasua baada ya sekunde 13 hivi. Mpasuko ndio muhuri: vipande viwili vinaruka kinyume, kimoja sakafuni kimoja darini, kwa wakati mmoja, na nishati kubwa mara nyingi kuliko alfa. Takataka za kawaida haziigi hilo.

Adui ni alfa za poloniamu. Po-212 ina MeV 8.8, na hali yake yenye nishati ya juu hutoa hadi 11.7. Ukiwa na alfa nyingi kwa dakika kwenye kitambuzi kimoja, mnyororo wa Fl-289 wenye kusubiri nusu dakika unaweza kujitunga wenyewe kwa bahati. Ule wa Fl-288, kwa sababu unakwisha ndani ya sehemu ya sekunde, ni mgumu kuughushi. Ndiyo maana mtu mwangalifu anaupenda mnyororo mfupi ingawa atomi yake inamfia njiani.

#14 Pikobani

Mama Maabara, swali. Fl ikinata kwenye joto la chumba ikavunjika, Cn iliyozaliwa inabaki palepale? Zebaki80 kasema Cn inakaa milisekunde 0.17 tu.

#15 MamaMaabara

Swali zuri. Alfa ikitoka, kiini kinarudi nyuma kwa keV 140 hivi (10 × 4 ÷ 288 ya MeV). Alfa ikienda upande wa pili wa mfereji, Cn inachimba ndani ya dhahabu iliyokaa na haitoki tena. Alfa ikiingia kwenye kitambuzi kilekile, Cn inatupwa kwenye gesi, inasimama, na kuanza safari kuelekea kwenye baridi. Kwa Cn-284 hana muda wa kwenda mbali. Kwa Cn-285 yenye nusu dakika anaweza kukutwa vitambuzi vingi mbele. Kwa hiyo programu ya kutafuta minyororo lazima iangalie kitambuzi kilekile, kinachokitazama, na vyote vilivyo mbele kwenye mkondo wa gesi. Kamwe isitazame nyuma. Ukikuta "binti" yuko nyuma ya "mama", futa tukio hilo.

#16 Kiini_Kizito

Kufikia matokeo ya Darmstadt yaliyochapishwa 2022, picha ikawa na pande mbili: kuna atomi za Fl zinazonata kwenye dhahabu katika joto la chumba, na zipo zinazofika kwenye baridi kali. Maana yake ni kwamba inafanya kifungo cha kikemia na dhahabu ikipata mahali pazuri juu ya uso, ila ni dhaifu kuliko risasi kwa umbali mkubwa. Mimi nakubaliana na "metali inayovukiza". Gesi adimu ya kweli isingesimama kwenye nyuzi 21 hata mara moja.

Mwaka 2024 kundi hilohilo likatoa matokeo ya nihoniamu (113) na moskoviamu (115): zote mbili zinanata zaidi kuliko Fl na Cn. Hiyo inaendana na alichosema Ganda_la_Saba. Anayepungukiwa elektroni mmoja wa 7p½, au aliyezidi mmoja, ana mkono wa kushikia. Fl iliyo katikati yao haina.

#17 Ganda_la_Saba

Kwa wanaopenda hesabu: makadirio ya karibuni yanaweka kuyeyuka kwa Fl kwenye takribani kelvini 284, kosa 50 juu au chini. Yaani nyuzi 11 hivi, ila inaweza kuwa −39 au 61. Cn nayo karibu 283, kosa 11. Risasi ni 600. Kwa hiyo rundo la Fl, kama lingewezekana, huenda lingekuwa kimiminika mchana wa Dar es Salaam, lakini kwa kosa la 50 msiweke dau.

#18 Pikobani

Na kisiwa cha uthabiti (eneo la viini vizito vinavyotabiriwa kudumu zaidi)? Si 114 ndiyo ilikuwa kilele chake?

#19 Kiini_Kizito

Hesabu za miaka ya 1960 ziliweka protoni 114 na nyutroni 184. Fl-289 ina nyutroni 175, bado 9. Kwa kalsiamu-48 na plutoniamu-244 unaanza na nyutroni 178 na huwezi kuongeza, unapoteza tu. Kwamba nusu-maisha inapanda kuelekea 184 ni kweli, angalia orodha ya #1. Lakini kwamba 114 yenyewe ni namba ya kimajiki yenye nguvu, vipimo vya Darmstadt vya 2021 kwenye minyororo ya Fl havikuona dalili kali. Athari ya nyutroni inaonekana, ya protoni ni hafifu.

Kwa vifaa: kiwanda kipya cha Dubna kilipata mwale wake wa kwanza mwishoni mwa 2018 na kinatoa mikondo mikubwa mara kadhaa kuliko ile ya zamani. Berkeley 2024 walitumia titaniamu-50 badala ya kalsiamu kwenye plutoniamu-244, wakapata atomi mbili za livamoriamu-290 (elementi 116) kwa siku 22, na binti yake ni Fl-286. Hiyo ni maandalizi ya kutafuta elementi 120. Kwa kemia ya Fl haisaidii, sekunde 0.1 haifiki kwenye dhahabu.

#20 Zebaki80

Kwa anayechora jedwali la darasani: kisanduku 114 kipake rangi ya metali za kundi la 14, weka kinyota, chini andika "hali: haijapimwa, kunata kwenye dhahabu: zaidi ya kJ 48 kwa moli, kuyeyuka: makadirio". Densiti iacheni wazi.